Tuna dada asiyeona na kaka kiziwi kwenye kikoba, nifanyeje wawe wanachama kama wengine?

BARUA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mdada wa miaka 31, naishi Kihonda hapa Morogoro, nauza mitumba ya watoto na ni katibu wa kikoba chetu. Tuko wanachama 26, tunakutana kila jumapili saa kumi jioni. Nakuandikia wewe kwasababu najua umefundisha watoto wenye ulemavu miaka mingi na huku mtaani sina wa kumuuliza.

Mzunguko huu mpya ulipoanza tulipata wanachama wapya, kati yao kuna dada mmoja haoni kabisa, anatengeneza sabuni za maji anauza, na kaka mmoja fundi cherehani ni kiziwi. Tuliwapokea vizuri, hakuna aliyepinga. Shida imekuja baadae.

Mimi ndio naweka taarifa kwenye grupu la WhatsApp. Siku zote nikimaliza kuandika daftari napiga picha ule ukurasa naurusha kwenye grupu, michango, madeni, nani kalipa nani bado, tarehe ya kikao, kila kitu kiko humo. Yule dada simu yake inaongea, inamsomea meseji, kwahiyo nikajua anapata kila kitu kama sisi. Mwezi uliopita kikao kilihamishwa toka jumapili kwenda jumamosi kwasababu ya msiba, nikaandika kwenye karatasi nikapiga picha nikarusha, hakuja. Kamati ikampiga faini elfu 2 kama katiba inavyosema. Akalipa bila kusema neno, ila baadae akaniita pembeni akaniambia katibu, simu yangu ikifika kwenye picha inasema "picha" basi, haisomi kilichoandikwa. Nikalipeleka kwa mwenyekiti akasema katiba ni katiba, tukianza kumwangalia huyu kila mtu atakuja na sababu yake.

Nikasema basi nitakuwa natuma voisi. Voisi zikamfaa yule dada ila kaka fundi ndio akabaki nje kabisa. Na kwenye kikao ni hivyo hivyo, watu wanaongea kwa pamoja yeye anaangalia midomo tu. Huwa anakuja na binti yake wa darasa la nne anamtafsiria, siku mtoto hayupo anafuata wenzie, wakinyoosha mkono na yeye ananyoosha. Tulipopiga kura kupandisha hisa toka elfu 2 kwenda elfu 5 alinyoosha, wiki iliyofuata akaja na elfu 2 yake mkononi, ndio tukajua hakuelewa. Watu wengine wakacheka, niliumia sana.

Kingine, mhazini ndio anamfanyia yule dada miamala yote ya simu, yani hadi namba ya siri anaijua. Mhazini ni mtu mzuri, sijasikia chochote kibaya, ila roho yangu haijatulia.

Mwenyekiti amekuja na wazo kwamba kila mmoja kati yao apewe msaidizi, awe anamsainia, anampokelea hela, anamwambia yaliyoamuliwa, halafu sisi tuendelee na ratiba yetu. Na wazo la pili, anasema sasa hivi tuna watu wenye ulemavu basi tuombe ule mkopo wa manispaa wa watu wenye ulemavu, wao wakae mbele kwenye fomu, hela ikitoka iingie kwenye kikundi tukopeshane. Wengi wamelifurahia hilo.

Kwa upande wa jengo nadhani hatuna tatizo, tunakutania ghorofani juu ya duka la mwenyekiti na wote wawili wanapanda ngazi vizuri tu. Anayeshindwa ni mama yetu mmoja muanzilishi wa kikoba, alipata stroku mwaka jana, huyo hisa zake anamtuma mjukuu anatuletea.

Mwalimu, nianzie wapi? Nitume voisi au maandishi? Hili la wasaidizi ni sawa? Na mkopo je? Ujue pia kikundi hakina hela ya kuajiri wataalamu.

Katibu, Morogoro

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na nimefurahi kwamba roho yako imekataa kutulia, endelea hivyo hivyo usiruhusu wakutulize mapema.

Nianze na kitu ambacho umekiandika mwishoni kwa haraka kana kwamba hakina uzito. Kikoba chenu hakina watu wawili wenye ulemavu, kina watatu. Yule mama muanzilishi aliyepata stroku, anayemtuma mjukuu na hisa, ndiye wa tatu, na nadhani hamkumhesabu kwasababu mlimjua akiwa mzima anapanda ngazi kama nyinyi, kwahiyo kichwani kwenu yeye "anaumwa". Lakini tazama kilichompata, hela yake inafika kikaoni na yeye hafiki, hapigi kura, hasikii nani kaomba mkopo, hachangii neno, na kikundi ni yeye alikianzisha. Amegeuka mtu wa kuchangia tu. Hao wapya wawili wanapanda ngazi vizuri kweli, ila jengo lenu limeshamtoa mtu mmoja nje na hamkuona anatoka.

Nakwambia hivi kwasababu ndani yake kuna jibu la swali lako lote. Kikoba kinasimama kwa uwazi, wewe katibu unajua hilo kuliko mimi. Ndio maana sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, ndio maana hela inahesabiwa mbele ya wote na daftari linasomwa, yani mtu asiyemjua mwenzie vizuri anamwamini kwasababu ameona na amesikia. Sasa uwazi wenu wote umejengwa kwa watu wenye macho, masikio na miguu ya kupanda ngazi. Anayekosa kimojawapo anabaki anaamini tu kile anachoambiwa na mtu mwingine. Wazo la mwenyekiti la wasaidizi halitibu hilo, linalifanya liwe la kudumu. Msaidizi anasaini, msaidizi anapokea, msaidizi anasimulia, sasa mwanachama ni nani hapo? Mimi ningekushauri kila mahali ambapo mmoja wao analazimika kuazima macho au masikio ya mtu, jiulizeni kwanza ni utaratibu gani umemfikisha hapo, mrekebishe huo utaratibu. Msaada wa mtu kwa mtu utabaki kidogo, kwa yale ambayo yeye mwenyewe ameomba.

Cha haraka kuliko vyote ni namba ya siri. Hiyo usisubiri kikao. Mitandao yote ya simu inasema kila siku usimpe mtu namba ya siri hata kama ni mhudumu wao, na hata mhazini awe malaika, siku salio likipungua hata kwa makato ya kawaida wa kwanza kutazamwa ni yeye, kwahiyo unawalinda wote wawili. Zungumza na yule dada mkiwa peke yenu, muulize kama angependa kuibadilisha. Muulize kweli, usiende ukiwa umeshaamua, inawezekana ana sababu zake.

Na usidhani alimpa mhazini namba kwa uzembe. Ile menyu ya kupiga nyota 150 ni ngumu sana kwa mtu anayetumia simu inayoongea. Programu inayomsomea kwenye Android inaitwa TalkBack, ukiwa umeiwasha unatelezesha kidole kimoja kwenda kulia inasoma kitu kimoja kimoja, ukifika unapotaka unagusa mara mbili haraka. Sasa menyu inafunguka na machaguo sita saba, anasikiliza yote hadi mwisho, anatafuta sehemu ya kuandika, anatafuta namba kwenye kibodi, na wakati huo muda wa menyu unakimbia, inajifunga anaanza upya. Akiwa mbele ya wakala na foleni nyuma yake anachoka anasema shika nifanyie. Hilo ndilo linalowakuta wengi, wala sio kwamba hawajui kutumia simu. Kinachosaidia ni earphone sikioni ili asisikike na mtu mwingine, mazoezi nyumbani kwa utulivu bila haraka, na kujaribu ile programu ya mtandao wake badala ya menyu, ingawa nayo nyingine vitufe vyake havijaandikwa majina, anasikia tu "kitufe, kitufe" hajui kipi ni kipi. Mwalimu bora wa kumfundisha ni mtu mwingine asiyeona ambaye tayari anafanya miamala mwenyewe, huyo anajua njia za mkato ambazo mimi na wewe hatuzijui. Ulizieni kwa Chama cha Wasioona, wengi wanakijua kama TLB, mkoani kwenu. Mikono kwenye simu iwe ya kwake kila wakati.

Kuna mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulipitishwa Umoja wa Mataifa 2006 na Tanzania ikauridhia 2009. Ibara ya 12 inataja wazi haki ya mtu mwenye ulemavu kusimamia mambo yake ya fedha mwenyewe na kupata mikopo sawa na wengine. Na sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Naitaja kwasababu mwenyekiti wako anapenda katiba, basi mwambie kuna kitu kikubwa kuliko katiba ya kikoba na kinasema hela ya mtu ni ya mtu.

Sasa voisi au maandishi. Hili lina jibu jepesi kuliko ulivyofikiri. Andika. Meseji ya kuchapa kwa herufi, simu ya yule dada itaisoma yote, na kaka fundi ataiona kwa macho yake, meseji moja inawafikia wote wawili na wanachama wengine 24. Tatizo tangu mwanzo lilikuwa picha. Zipo programu za kusoma maandishi yaliyo kwenye picha lakini mwandiko wa mkono wa daftari lenye mistari iliyokatwa na vijedwali huwa zinatoka vururu vururu, na isitoshe kwanini yeye peke yake afanye kazi ya ziada kujua kikao ni lini? Kama kuchapa kunakuchosha tumia kile kipaza sauti kidogo kwenye kibodi ya Google, tangu 2017 inaelewa Kiswahili, unaongea inaandika, halafu unapitia kurekebisha tarakimu kabla hujatuma. Voisi ukitaka tuma tu, ila iwe ni nyongeza juu ya maandishi.

Kuandika nako kuna namna yake. Usijaze vimoyo na makofi na maua, simu inayoongea inataja kila kimoja kwa jina, ukiweka mioyo kumi anasikia moyo mara kumi kabla hajafika kwenye hela. Usipange kama jedwali kwa kuachia nafasi nafasi, andika mtu mmoja mstari mmoja, jina, hisa, deni, basi. Tarehe ya kikao ikibadilika iwe meseji yake peke yake juu kabisa, usiifukie katikati ya michango. Na baada ya kila kikao mtumie kila mwanachama, hata wale wanaoona, meseji yake binafsi fupi, leo umeweka hisa ngapi, jumla yako ni ngapi, deni limebaki kiasi gani. Hiyo ndiyo itakuwa daftari la yule dada na anaweza kuisikiliza hata usiku wa manane akitaka kuhakikisha.

Kwa kaka fundi kuwa makini zaidi kidogo, na hapa watu wengi wema wanateleza. Wanadhani kiziwi ukimwandikia basi umemaliza. Kwa wengi waliozaliwa viziwi au waliopoteza kusikia wakiwa wadogo, lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na lugha ya alama ina sarufi yake, haifuati mpangilio wa sentensi za Kiswahili. Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili, tena wameisoma bila kuisikia, wengine kwenye madarasa ambayo mwalimu hajui alama hata moja. Kwahiyo aya ndefu ya maelezo ya kamati inaweza kumpita kama ilivyompita ile kura. Andika sentensi fupi, tarakimu waziwazi, neno moja kwa jambo moja. "Hisa sasa 2,000. Kamati inataka 5,000. Kuanzia jumapili ijayo. Unakubali au unakataa?" Hiyo anaijibu vizuri na sio yeye tu, wapo wenzenu humo ambao shule iliishia la tatu wataishukuru kimyakimya.

Na yule binti wa darasa la nne mumtoe kwenye hiyo kazi. Nasema hivi nikiwa na uchungu kwasababu nimewaona watoto wa namna hiyo wengi. Mtoto anasikia watu wazima wanagombana kuhusu madeni, anasikia baba yake anachekwa, halafu anatakiwa yeye achague amwambie baba au amfiche, na kila mtoto anayempenda baba yake anapunguza makali. Mambo ya mkopo na riba hata hayajui, anatafsiri nusu. Na baba naye kuna mambo ya fedha hawezi kuyasema mbele ya mtoto.

Mtafanyaje bila hela? Kwa vikao vikubwa, cha kupitisha katiba, cha mikopo mikubwa na cha kuvunja kikundi kugawana, tafuteni mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, au ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii manispaa, mjue gharama, hela itoke mfuko wa jamii. Mfuko wa jamii ni wa wanachama na yeye anauchangia kila wiki kama nyinyi. Vikao vya kawaida mnaweza kwenda wenyewe mkijifunza. Mwombeni kama atapenda kuwafundisha alama chache kila jumapili mnapoanza, salamu, tarakimu, hisa, mkopo, faini, nakubali, nakataa, sijaelewa. Hiyo ya sijaelewa muhimu sana. Jifunzeni kwake, msijifunze video za Marekani mtandaoni, lugha yao ya alama ni nyingine kabisa, na hata hapa nchini alama zinatofautiana kutokana na shule mtu aliyosoma, wa Tabora na wa Buguruni wanaweza kupishana kwenye maneno kadhaa. Za kwake ndizo mnazozihitaji.

Na namna ya kuendesha kikao ibadilike, hii haina gharama yoyote. Anayeongea awe mmoja, anyooshe mkono kwanza, ataje jina lake, ndio aongee. Ukitaja jina yule dada anajua nani kasema nini, ukinyoosha mkono kaka fundi anajua ageukie wapi. Mwenyekiti asikae dirisha likiwa nyuma yake, uso unakuwa giza na mtu anayesoma midomo haoni chochote, na hata kwenye mwanga mzuri kusoma midomo kunampa sehemu tu ya maneno, nyingine anabahatisha. Ukitaka kumwita mpungie mkono au mguse bega taratibu. Bandikeni karatasi la manila ukutani, hoja iandikwe kabla ya kura, na wewe uisome kwa sauti, kura zikihesabiwa itajwe hesabu, wangapi wamekubali wangapi wamekataa. Hela nayo ihesabiwe kwa sauti, noti kwa noti, sio mhazini anahesabu kimoyomoyo halafu anatangaza jumla. Noti zetu zinapishana ukubwa kadiri thamani inavyopanda na wasioona wengi wanazitambua kwa vidole, ila tofauti ni ndogo na noti zikishachakaa inakuwa shida, kwahiyo mtu akimpa hela amwambie hii ni elfu kumi, hii elfu tano, moja moja mkononi.

Ile kura ya hisa irudieni. Najua watu watanuna, lakini mmoja wenu alinyoosha mkono bila kujua anakubali nini, na mwingine, yule mama, hakuwepo kabisa na sidhani kama kuna aliyemuuliza. Elfu 3 ya ziada kila wiki kwa fundi anayeshonea kwenye kibaraza ni hela.

Kuhusu yule dada mkiwa kikaoni, mambo madogo. Usimshike mkono ukamvuta, mwambie mimi ni fulani, nikuongoze? Akikubali yeye ndiye anashika mkono wako juu kidogo ya kiwiko, anatembea nusu hatua nyuma yako, anasikia mwili wako ukipanda au ukishuka. Taja ngazi kabla hamjaifikia. Ukiondoka karibu yake sema naondoka, kuongea na kiti kitupu mbele za watu kunadhalilisha. Fimbo yake msiihamishe. Ukimwelekeza usiseme "pale", sema kulia kwako hatua mbili. Kusaini, kata kadi ngumu tundu la mstatili mrefu, weka tundu juu ya mstari wa sahihi, anasaini ndani ya tundu mwenyewe. Kabla hajasaini mkataba wa mkopo asomewe wote, neno kwa neno, na mtu aliyemchagua yeye. Na kuna kazi moja ya uongozi ambayo haihitaji macho hata kidogo, kushika funguo moja ya sanduku. Mfikirieni kwa hiyo uchaguzi ukifika, kama ataitaka. Mtu anayeshika funguo hakuna kikao kitakachofanyika bila yeye.

Turudi kwenye ngazi. Kanuni inayotumika sana ya mteremko wa kiti mwendo ni moja kwa kumi na mbili, yani kila sentimita moja ya kwenda juu unahitaji sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Ghorofa ya mita tatu ingetaka mteremko wa mita 36, kwahiyo hilo jengo msilifikirie, hameni. Tafuteni baraza ya mwanachama mmoja chini, au chini ya mti penye faragha ya kuhesabia hela. Kama pana kizingiti cha sentimita 15 fundi anawajengea mteremko wa kama mita 1 na sentimita 80 kwa zege, mkigawana wanachama 26 hamtausikia. Kwa yule mama angalieni kiti chenye mikono ya kushikilia, choo kiwe karibu na kisiwe cha kuruka mfereji kukifikia, na kama stroku imemlegeza upande mmoja basi kitu cha kushika kiwe upande wake wenye nguvu. Pia mpeni muda akiongea, wengine baada ya stroku maneno yanachelewa kutoka lakini akili iko pale pale, msimmalizie sentensi. Ila kabla ya yote hayo nendeni kwake mumuulize anataka kurudi kwa namna gani, labda atataka kuja kikao kimoja kwa mwezi na vingine ashiriki kwa simu ya video, ni yeye aamue.

Kuhusu mkopo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mdogo wangu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha bila riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Hiyo asilimia 2 ndiyo sehemu ndogo kuliko zote na ni ya kwao. Kuwaweka majina mbele ya fomu ili hela ikafanye kazi ya watu 23 wasio na ulemavu ni kuwachukulia haki yao na kuwabebesha deni kwa pamoja, maana siku marejesho yakikwama jina linalofuatwa ni lililo kwenye fomu. Usisaini hilo kama katibu. Wakikuuliza kwanini waambie wazi. Ila habari za mkopo wenyewe wapeni hao watatu, kama hawajui, muwapeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaeleze masharti yalivyo sasa, wakitaka waunde kikundi chao na wenzao wenye ulemavu huko Kihonda. Anayetengeneza sabuni na anayeshona wana biashara tayari, hawahitaji kuwa mapambo kwenye fomu ya mtu. Na kama wengi wenu kwenye kikoba ni akina mama au vijana, yapo yale mafungu ya asilimia 4 mnayoweza kuomba kihalali kwa majina yenu.

Faini ya elfu 2 arudishiwe, tena mbele ya kikao na sababu ielezwe: taarifa haikumfikia. Mwenyekiti akisema kila mtu atakuja na sababu yake, jibu lake ni kwamba katiba inamwadhibu mtu aliyejua tarehe akaacha kuja. Kama hamtaki kesi za namna hiyo tena basi andikeni kwenye katiba kwamba taarifa halali ya kikao ni meseji ya kuchapa, iliyotumwa siku kadhaa kabla, muda mtakaokubaliana. Vilevile iandikwe kwamba kikao kinafanyika sehemu ambayo kila mwanachama anaweza kufika, kwamba mkalimani analipwa na mfuko wa jamii, na kwamba hakuna kiongozi anayeruhusiwa kujua namba ya siri ya mwanachama. Kubadili katiba kuna taratibu zake, wewe unazijua, lakini mengi niliyokwambia hayahitaji katiba, yanahitaji katibu, unaweza kuanza na meseji ya wiki hii.

Rasimu ya hivyo vipengele usiiandike peke yako ukawapelekea wakubali. Kaa na dada, na kaka fundi, na mama, nyumbani kwa mama ili asisafiri, mwombe kaka fundi aje na kiziwi mwenzie anayesoma vizuri au mkalimani kama mmempata, waseme wao kwanza nini kinawasumbua, inawezekana kabisa nusu ya niliyoyataja hapa sio shida kwao na shida yenyewe hatujaiwaza. Mkishaiandika nitumie kwa meseji ya kuchapa, nitaipitia na kukurudishia kabla ya kikao chenu.